Chupa Iliyojilisha Yenyewe

Mwezi uliopita chupa ya mama ilivunjika. Haikuwa kitu cha thamani. Ilikuwa ile chupa ya kioo kinene, yenye mdomo wa kupitisha mkono wa mtu mzima, ambayo maduka ya zamani yaliwekea pipi juu ya kaunta. Mfuniko wake mwekundu ulipotea kabla sijaanza shule. Nilikuwa nimekwenda Kolandoto, Shinyanga, kumsalimia mama, nikajitia kusaidia kazi za jikoni, kama tufanyavyo sisi tuliokaa mjini miaka mingi tukirudi kwa mama zetu, na msaada wenyewe ukawa ni kuiangusha chupa. Choroko zilitapakaa sakafuni mpaka chini ya kabati. Nje mvua ya kwanza ilikuwa imeanza kupiga udongo mweusi wa mbugani, na harufu yake ikaingia mlangoni wakati huohuo: harufu ya matope yaliyokaa na kiu miezi saba. Mama aliinama, akaokota kipande cha kioo, akakiinua kwenye mwanga.

"Hii ilikuwa ya samaki," alisema, kana kwamba choroko zilikuwa wapangaji tu.

Tulikuwa watu wanne nyumbani: baba, mama, mimi Kabula, na mdogo wangu Masanja. Kwa sehemu kubwa ya mwaka tulikuwa watatu, kwa sababu baba alichimba dhahabu Geita. Alikuja mvua zikishakolea, akasaidia kupanda mpunga majarubani, akaondoka. Akarudi wakati wa mavuno, akakaa siku chache, akaondoka tena. Huko alikuwa na fungu lake katika duara, yaani shimo, na duara hilo lilikuwa siku zote limebakiza mita chache kufika kwenye mwamba wenye mali. Nilikua nikiamini kwamba Mita Chache ni jina la mahali, pengine kijiji kilicho mbele kidogo ya Geita, na nilishangaa kwa nini baba asipande basi la huko moja kwa moja.

Mama aliuza karanga za kukaanga karibu na lango la hospitali. Chupa ilikuwa ndiyo duka lake. Karanga zikiwa ndani ya kioo, mtu aliyekuja kumwona mgonjwa aliziona zikimetameta kabla hajamwona muuzaji, na akiziona alinunua. Hayo alikuwa akiyasema mwenyewe, na sina sababu ya kumbishia mtu aliyenisomesha kwa karanga.

Jioni moja, baba akiwa katika siku zake za mwisho za kupanda mpunga, tulikuwa tukila michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akaanza kutusimulia. Kwa wiki kadhaa aliacha duara akawabebea mawe watu waliokuja kupima miamba. Mkuu wao, Mzungu mmoja mwenye ndevu, alikuwa na sanduku la kioo kambini.

"Ndani mna matope, majani, konokono na samaki," baba alisema. "Hawapi chakula. Habadilishi maji. Aliniambia mwenyewe: linajilisha. Samaki wakinya, majani yanakula. Majani yakioza, konokono anakula. Samaki naye anavuta hewa ya majani. Kila mmoja anaishi kwa uchafu wa mwenzake."

"Kama ukoo wenu," mama alisema.

"Nasema kweli, Mama Kabula. Halihitaji mtu!"

"Kinachojilisha chenyewe hapa duniani ni moto, Baba Kabula, nao hula nyumba ya mtu."

Baba alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, na nadhani ndicho kilichofanya mita chache zidumu miaka yote ile bila mtu kumpigia kelele. Kisha akanigeukia mimi.

"Mayu," alisema, alipenda kuniita hivyo, yaani mama kwa Kisukuma. "Wewe unaweza. Tengeneza la kwetu. Nikirudi wakati wa mavuno nikawakuta hai, na hakuna mtu aliyewalisha, siendi tena Geita. Nitachimba bwawa hapo nyuma, tutafuga samaki, nitakaa hapa kama mwenyekiti wa kijiji."

"Kweli, baba?"

"Kweli kabisa."

Nilikuwa na miaka tisa. Mtoto wa miaka tisa hajui kwamba maneno mengine husemwa ili chakula kishuke vizuri. Niliyachukua kama yalivyo, neno kwa neno, nikayatia mfukoni. Mama alikuwa akipepeta karanga za kesho yake, na hakuacha kupepeta.

Swali la kwanza lilikuwa chombo, na hapakuwa na kioo kingine nyumbani kikubwa kuliko glasi ya wageni.

"Chupa yangu? Na karanga zangu zikae wapi, kichwani kwako?"

"Mpe mtoto," baba alisema. "Ni ya muda tu."

Mama alifikiri. "Haya. Lakini siku wakifa, siku hiyohiyo chupa inarudi. Sitaki kusikia habari za matanga."

Kwa hiyo siku baba alipopanda lori kurudi Geita, mama alikwenda kwenye lango la hospitali na karanga ndani ya beseni la bati lililofunikwa kitambaa. Alirudi jioni na nusu ya beseni haijauzwa. Akaliweka mahali ambapo ningelipita.

Samaki wenyewe, hatukuwa na shaka walikotoka. Walitoka juu. Kiangazi mbuga yetu ni udongo mweusi wenye nyufa za kumeza mguu wa ndama. Mvua inanyesha, nyufa zinafumba, madimbwi yanasimama kwenye nyayo za ng'ombe na kwenye njia za magari, na baada ya wiki chache, kwenye dimbwi lisilounganika na mto wala lambo, kuna samaki urefu wa kidole. Madume walikuwa wekundu wenye madoa ya buluu, kama vitenge vya sikukuu. Majike walikuwa rangi ya majivu. Wangetoka wapi kama si mawinguni? Mimi mwenyewe niliitwa Kabula kwa sababu nilizaliwa mvua ikinyesha, kwa hiyo niliwahesabu kuwa ndugu wa mbali. Masanja aliuliza mbona hawaanguki juu ya bati letu. Nikamweleza kwamba bati linapiga kelele, wanaliogopa. Nimewahi kusikia hoja dhaifu kuliko hiyo katika mikutano ya wasomi.

Nilianza vibaya, kwa pupa. Nilitia samaki kumi na wawili siku ileile niliyotia maji. Asubuhi ya tatu chupa ilinuka kama ngozi mbichi, na saba walikuwa wakielea. Mama alisimama mlangoni na beseni lake kiunoni.

"Nichukue chupa yangu?"

"Wamebaki watano!"

"Tulisema wakifa."

"Tulisema wakifa wote!"

"Hatukusema wote."

"Hatukusema baadhi!"

"Haya, wakili," alisema, akaenda zake.

Nikaanza upya, polepole. Chini niliweka makonzi matatu ya matope ya dimbwi walikotoka, juu yake mchanga wa mtoni niliouosha mpaka maji yakaacha kubadilika rangi. Nilichomeka majani membamba ya kando ya lambo, nikakandamiza mizizi kwa vijiwe. Nilitia maji ya dimbwi lilelile, nikayaacha siku mbili yatulie. Nikaongeza konokono watano, ambao leo najua ndio wanaoeneza kichocho, lakini wakati ule niliwashika kwa upendo. Dume wa pili aliwindwa na wa kwanza mchana kutwa, hivyo nikamrudisha mbugani, na jike mmoja akafa kwa sababu zake. Wakabaki dume mmoja na majike wawili, na hapo ndipo ugomvi ulipokwisha. Jua nalo lilitaka kipimo. Dirisha la jikoni liligeuza maji kuwa kijani kama mlenda, nikaihamishia chupa dirisha la mashariki, lililopata jua la asubuhi tu. Mdomoni nilifunika kipande cha chandarua kuukuu, nikakifunga kwa mpira wa tyubu, kwa maana mama alisema hatafuga mbu ndani ya nyumba yake kwa faida ya samaki.

Kisha chupa ikatulia. Asubuhi jua likigusa majani, vipovu vidogo vilitoka kwenye ncha zake vikapanda kimoja kimoja, nami niliamini majani yanaanza kuchemka, nikawa nagusa kioo kuona kama kina moto. Konokono walipanda ukuta wa kioo wakaacha njia safi nyuma yao. Dume alitetemesha mapezi mbele ya majike, kisha wakatumbukiza matumbo yao kwenye matope, jambo ambalo nilidhani ni kujikuna. Wiki ikapita, na nyingine, na mwezi. Naapa sikuwatilia hata punje moja ya kitu. Nilikuwa muumini mkali. Wenzangu wa shule waliokuja kutazama niliwazuia hata kupumulia karibu.

"Wanakula nini?" Masanja aliuliza.

"Wanajilisha wenyewe."

"Mimi nikijilisha mwenyewe mama ananichapa."

Mpunga ukachanua, ukajaa, ukaanza kuinama. Mvua zikakatika. Madimbwi ya mbugani yakawa matope, matope yakawa vigae, na samaki wote wa nje wakaisha. Hata kunguru waliacha kwenda kuwatafuta. Wa kwangu walibaki. Ndipo dereva wa lori la pamba alipopita na salamu za baba kwamba angefika ndani ya wiki.

Siku hiyo niliitazama chupa kwa macho ya baba, nikaona kasoro. Maji ya mbuga hayatulii hata yakikaa mwaka. Udongo wake unaelea ndani yake kama maziwa ndani ya chai. Kwa miezi yote ile nilikuwa nikiwaona samaki pale tu walipoukaribia ukuta, wakitokeza kama watu kwenye ukungu na kupotea tena. Lile sanduku la Mzungu, baba alisema, ungeweza kusoma gazeti lililo upande wake wa pili. Nami nilijua la kufanya, kama kila mtoto wa Shinyanga alivyojua. Maji ya lambo tuliyokunywa yalikuwa na rangi hiyohiyo, na kila jioni mama alichukua jiwe la shabu, lile jeupe ambalo vinyozi husugulia kidevu baada ya kunyoa, akalizungusha ndani ya ndoo mara kadhaa. Matope yalishikana, yakazama, na asubuhi tulikunywa maji meupe.

Alasiri, mama akiwa kwenye karanga, nilifungua chandarua, nikalizungusha jiwe ndani ya chupa mara saba. Kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa kubwa, nikaongeza saba nyingine.

Ilikuwa kama mtu kafungua pazia. Kufikia jioni maji yalikuwa safi kuliko ya kwenye glasi ya wageni. Niliona kila jani, kila mguu wa kila jani, na samaki wangu watatu kwa pamoja, wazima wazima, kwa mara ya kwanza tangu niwatie. Dume alikuwa mwekundu kuliko nilivyodhani. Nilikaa mbele ya ile chupa mpaka nikaitwa kula.

Asubuhi wote watatu walikuwa wamelala ubavu, na maji bado yalikuwa safi. Sijaona tena kifo kinachoonekana vizuri namna ile.

"Tutie dagaa," Masanja alishauri. "Baba haoni vizuri."

"Dagaa wa sokoni wamekauka, mjinga wewe."

"Wakilowa watavimba."

Sikumweleza mtu habari ya shabu. Nilimwambia mama wamekufa, basi. Aliinama akaitazama chupa kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, akanitazama mimi. Alimwaga maji kwenye mpapai, akatupa majani. Matope aliyamimina kwenye mtungi uliopasuka shingo nyuma ya jiko, labda siku moja angepanda kitunguu. Kesho yake chupa ilirudi kwenye lango la hospitali, imejaa karanga.

Baba alifika siku mbili baadaye, na vumbi la safari kwenye nyusi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu. Wako wapi ndugu zako?"

"Walikufa."

"Lini?"

"Juzi."

"Wenyewe?"

"Wenyewe," nilisema.

Alitumbukiza mkono kwenye chupa, akachota karanga, akatafuna. "Basi," alisema. "Ndiyo dunia." Tulivuna mpunga, akapumzika kidogo, na siku ya tisa akafunga begi lake. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nilikuwa nimemfukuza baba yangu kwa mizunguko kumi na minne ya jiwe. Kwa miezi iliyofuata nilikataa maji yaliyotiwa shabu, nikawa nakunywa ya matope kwa siri, na tumbo langu likatoa hukumu kama nilivyoitaka.

Mvua ziliporudi, Masanja alikuja mbio kutoka nyuma ya jiko.

"Kabula! Mtungini mna wadudu wenye macho!"

Walikuwa wembamba kama kope, wengi, wakirukaruka ndani ya ule mtungi mbovu uliojaa maji ya mvua. Baada ya wiki tatu nne hapakuwa na ubishi: walikuwa samaki, na baadhi yao walianza kuingia wekundu mkiani. Nilielewa mara moja. Mbingu zilikuwa zimenisamehe, zikalenga shabaha. Ilinichukua miaka kumi na zaidi, na safari mpaka chuo kikuu, kusikia kwamba samaki hao hutaga mayai kwenye matope, na mayai hayaanguliwi mpaka yakaushwe kwanza, kiangazi kizima, ndipo yaloweshwe. Mhadhiri alilisema kwa sentensi mbili akaendelea na mamba. Mimi nilibaki mtungini mpaka kipindi kikaisha.

Safari hii sikuomba chupa. Niliikuta asubuhi moja dirishani, tupu, imeoshwa, na karanga zimerudi kwenye beseni. Nilifanya kila kitu sawasawa: matope, mchanga, majani, dume mmoja, majike wawili, jua la asubuhi, chandarua. Shabu nilikaa nayo mbali kama nyoka. Baba alipokuja kupanda mpunga, walikuwa wamekomaa na wanang'aa kila walipoukaribia ukuta. Alivuta kigoda akakaa mbele yao alasiri nzima.

"Hakuna anayewalisha?"

"Hakuna, baba."

"Unaona, Mama Kabula? Nilisema!"

Aliwaita majirani wakaja kutazama. Aliwaeleza habari ya uchafu wa mmoja kuwa chakula cha mwingine kana kwamba alikuwa ameibuni yeye. Nilihesabu majaruba yaliyobaki. La mwisho lilipopandwa, kesho yake asubuhi nilimkuta akifunga begi.

"Baba, ulisema."

"Nilisema nini, mayu?"

"Wakiwa hai huendi."

Nilimwona akitafuta, kama mtu anayepapasa mifuko. Hakukumbuka. Kisha akakumbuka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Bado mita chache tu," alisema. "Safari hii kweli."

Mama aliniona nimekaa mbele ya chupa. "Baba yako angeondoka hata ungemfugia kiboko humo ndani," alisema, akajitwika beseni.

Ningependa kuandika kwamba nililia. Kwa kweli nilihisi nafuu. Mara ya kwanza samaki walikufa, akaondoka. Mara ya pili samaki waliishi, akaondoka. Basi si shabu. Huo ulikuwa utafiti wangu wa kwanza wa kulinganisha, na matokeo yake yalikuwa safi kuliko tafiti zote nilizolipwa kufanya baadaye. Usiku ule nililala vizuri. Baba aliendelea kwenda na kurudi mpaka magoti yakamkataza, akafia kitandani kwake, mzee, akiwa na uhakika wa lile duara.

Sasa nilikuwa nimepiga magoti jikoni kwa mama, tukiokota choroko mojamoja ili tusishike kioo, na mvua imezidi nje. Nikaona huo ndio wakati.

"Mama, wale samaki wa kwanza niliwaua mimi. Niliwatilia shabu."

"Najua. Jiwe nililikuta limelowa." Alipuliza choroko kiganjani. "Wewe si ulifunika chandarua?"

"Nilifunika. Kwa ajili ya mbu."

"Mbu hawaingii. Sasa walikuwa wanakula nini?"

Nilifungua mdomo nimweleze habari ya uwiano wa viumbe. Nina shahada mbili. Nimewahi kuandika makala ndefu kuhusu mazingira, nikautaja humo mfano wa chupa ile.

"Viluwiluwi vya mbu," mama alisema. "Kutoka kwenye pipa la maji. Kijiko kimoja kila asubuhi, ukishakwenda shule. Mwaka ule wa kwanza, na ule wa pili. Samaki hawajilishi, Kabula."

"Lakini wangekufa ungepata chupa yako," nilisema. "Ulikuwa unarudi na nusu ya beseni."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini uliwalisha?"

Hakuinua uso. Alikuwa ameiona choroko moja chini ya kabati, akawa anaivuta kwa kidole.

"Si nilikuwepo baba yako alipokuwa anasema hatakwenda tena Geita?"

Kisha akaniambia nikija tena nimletee ndoo ya plastiki, yenye mfuniko. Haivunjiki, alisema, na haionyeshi kilichomo.